Taji la Majani Nyuma ya Mlango

Mama Akinyi wangu,

Binti yetu amepiga simu kutoka Rangwe. Kaburi lako limesakafiwa, fundi ameacha udongo upande wa kichwa, na mimi ndiye wa kuchagua ua. Akina mama wa kanisa wanataka yungiyungi jeupe. Nikakumbuka ile picha.

Niliikata kwenye kalenda kuukuu, nikaitundika sebuleni ulipokuja kwangu. Mchoro wa Kiingereza wa zama za Malkia Viktoria: msichana dirishani, yungiyungi mezani, kichwani taji la majani ya mmea utambaao. Uliingia na birika, ukasimama.

"Huyu mtoto amevaa bwombwe. Nani amekufa?"

Kwetu waombolezaji hujivika bwombwe, mmea utambaao wa porini, na matanga yakiisha huitupa. Nikajigamba kwa niliyoyasoma: wachoraji wale walisema kwa maua. Yungiyungi ni usafi wa moyo. Mmea ule wa taji ni uaminifu, maana hauachi ukuta uliokwisha kuushika.

"Basi ashike ukuta wa kwao," ulisema. "Toa hapo kabla mama yako hajaingia. Atasema nimekuja na msiba!"

Ikahamia nyuma ya mlango wa chumbani. Tukahama nayo, Uriri, kisha Migori, na sasa iko nami huku Nakuru ninakozeekea peke yangu.

Leo nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Yule msichana anamngoja mtu, au amemzika? Miaka yote nilidhani lazima iwe moja. Sasa kila asubuhi nakutengea kikombe nikijua huji, na sioni tena pa kugawa mambo hayo mawili.

Yungiyungi nimelikataa. Ungeniuliza, "Kwani nilikuwa mchafu?" Nimemwambia Akinyi achimbe bwombwe pale nyuma ya nyumba, aipande kichwani pako.

"Baba! Hiyo huvaliwa ikatupwa. Nani amewahi kuipanda? Watu watasema nini?"

"Waambie mzee amesoma sana."

Akacheka mpaka akakohoa, kama wewe. Halafu akauliza aipande umbali gani na saruji.

Nimemwambia karibu. Mvua zikishika nitakuja na picha, niketi hapo nione kama mmea wa kutupwa unajua kushika. Ukiwa na neno, ulitunze. Nitakuwa na nafasi ya kubishana.

Mumeo,
Baba Akinyi