Valens katika Albamu ya Mawe Meusi

Goma, tarehe 6 Februari 2022

Kwa Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama Dorothée kwa amani ya Kristo. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kimekwisha. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Maharagwe yamechanua vema, ao mvua imeyaharibu?

Ulitufundisha kwamba neno zito halisemwi kwa simu. Ndiyo sababu naandika, na Papa Katembo, yule mfanyabiashara wa Kitshanga, amekubali kukuletea barua hii katika lori lake.

Unajua kwamba ninaimba pamoja na wasichana wenzangu watatu, na kwamba kundi letu linaitwa Mawe Meusi. Nilikuambia ni muziki wa magita, lakini sikukuambia yote. Muziki huu unaitwa metali. Magita yake yananguruma, Kavuo anapiga ngoma kwa mikono na miguu yote miwili, na mimi siimbi kama katika kwaya: ninapiga kelele kutoka tumboni. Watu wanatucheka. Jana jirani aliuliza mlangoni, "Bamama, mule ndani munachinja nguruwe ngapi?" Kavuo akamjibu, "Moja tu, tena hajakufa bado." Hata hivyo, tumekwisha kurekodi nyimbo saba za albamu yetu ya kwanza.

Umebaki wa nane, na huo ni wa kaka yangu Valens. Ndani yake ninataja jina lake, kisha ninasema mwanzo wa sala ya marehemu: Ee Bwana, umpe pumziko la milele. Siwezi kuutoa bila ruhusa yako, kwa kuwa jina lile ni la nyumba yako. Wimbo nimeuweka katika kadi ya kumbukumbu ya simu, humu ndani ya bahasha. Studio itatupokea tena mwanzoni mwa mwezi wa Mei. Tunangoja neno lako.

Binti yako,
Carmel


Burungu, tarehe 20 Februari 2022

Kwa binti yangu Carmel,

Bwana awe pamoja nawe katika kazi zako zote. Sisi tungali hai kwa neema yake. Mgongo wa mama yako unamruhusu kulima asubuhi, si jioni. Maharagwe yamechanua.

Nilisikiliza wimbo wako katika sakristia, baada ya ibada ya Jumapili. Mzee Jean-Marie, anayetunza kanisa, aliingia mbio na fagio mkononi, akauliza, "Katekista, nani anatolewa pepo?" Nikamjibu kwamba ni binti yangu anayeimba. Akashusha fagio, akasema, "Basi iko na mapafu."

Kelele siikatazi. Mungu amesifiwa kwa matoazi na tarumbeta tangu zamani, na sijasoma popote kwamba alilalamika. Ninachokataa ni sala. Tangu Valens alipoondoka mwaka 2019 kutafuta kazi upande wa Walikale, hakuna mtu wa nyumba hii aliyemwombea pumziko la milele. Kila Jumapili mimi mwenyewe namtaja kati ya wasafiri, na Wakristo wote wanaitikia. Matanga hatukufanya. Hata mama yako nilimkataza kulia, kwa maana anayelia kwa sauti amekwisha kuzika. Ukimweka mtu aliye hai kati ya marehemu, umemfungia mlango naye yuko njiani.

Kwa hiyo sikupi ruhusa. Uondoe jina, uondoe na sala.

Tena nakuuliza, na unijibu bila kuzunguka: nani alikuambia kwamba kaka yako amekufa?

Papa yako,
Benoît


Goma, tarehe 9 Machi 2022

Kwa Papa mpendwa,

Amani kwako na kwa Mama. Barua yako nimeipokea mikononi mwa Papa Katembo. Afya yangu ni nzuri, ila usingizi ni kidogo.

Aliyeniambia ni Nestor, mchimbaji wa madini huko Ntoto, upande wa Walikale. Mwezi wa Novemba alikuja Goma kutibiwa mguu, akamtafuta ndugu yeyote wa Valens mpaka akanipata. Alisema walichimba pamoja, shimo likaporomoka, wakamtoa na kumzika huko Ntoto. Nilimwuliza maswali mengi nikitumaini atakosea. Hakukosea. Alikijua hata kile kidole cha mkono wa kushoto ambacho Valens alikatwa na panga utotoni.

Papa, niliandika barua nikazichana. Siku moja nilipiga simu. Mama akapokea, akanieleza kwamba amemwekea Valens blanketi jipya, kwa sababu atarudi na baridi ya njiani. Nikakata, kisha nikasingizia mtandao. Baada ya hapo wimbo ukaja. Kwa mkono nilishindwa, nikataka usikie kwa sauti.

Olga, mpiga gita wetu, amesema kwamba kama Papa anakataa, albamu itatoka na nyimbo saba, na hakuna atakayenung'unika. Nami nimekubali. Lakini nakuomba, usimtaje tena kati ya wasafiri kabla ya kujua kwa hakika.

Binti yako,
Carmel


Burungu, tarehe 24 Aprili 2022

Kwa binti yangu Carmel,

Kristo amefufuka. Mama yako ni mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo imevimba, na sababu yake utaisoma hapa.

Sikukujibu kwa kuwa sikukusadiki. Nilimwambia mama yako kwamba ninakwenda kuwasalimu makatekista wa upande wa Walikale. Nilipanda pikipiki mpaka mahali ambapo njia ilikuwa matope matupu, kisha nikatembea. Huko Ntoto nilimpata Nestor. Alinipeleka nyuma ya shamba la mihogo, akanionyesha msalaba wa miti wenye jina la mwanangu. Nilisimama pale na kitabu cha sala mkononi, mimi niliyezika watu wa mlima huu tangu ujana wangu, na kinywa hakikufunguka. Nestor akasema, "Papa, sisi tulishamuombea. Lakini hakukuwa na katekista, pengine tulikosea." Nikamwambia hawakukosea.

Niliporudi, mama yako alikuwa anapepeta maharagwe. Aliitazama miguu yangu, akasema, "Bakatekista hawakae mbali namna hii." Basi nikamwambia. Hakuangusha ungo. Alimaliza kupepeta, akaingia nyumbani, akatoka na wembe ili nimnyoe kichwa. Nilipokwisha kumnyoa, akasema, "Sasa lete ile kelele ya Carmel. Jean-Marie alishaniambia." Niliogopa utamwumiza. Aliusikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, kisha akaniambia: "Miaka tatu ulinikataza kulia, Benoît. Huyu mutoto ndiye amelia kwa nafasi yangu." Halafu akalia, kwa sauti, hata wanawake wa ng'ambo ya bonde wakasikia na kuja. Matanga tumefanya.

Leo kanisani nilisoma majina ya wasafiri. Nilipopita jina la Valens bila kulitaja, watu waliinua vichwa. Nikalitaja kati ya marehemu, nao wakaitikia.

Sasa kuhusu ruhusa: unayo, kwa jina na kwa sala. Lakini mimi ni katekista, na kuna kosa ambalo siwezi kuliacha. Sala ile haisemwi na mtu mmoja. Mmoja anaanza, wengine wanajibu. Wewe umeanza, magita yakaendelea, na hakuna aliyejibu.

Papa Katembo ametuazima simu yake ili turekodi jibu. Tulisimama jikoni, mimi na mama yako. Mara ya kwanza jogoo alituingilia, mara nyingine mama yako alinikatiza, akisema, "Unasema kama unahubiri. Sema kama baba." Lililotoka mwishoni limo katika kadi hii: na mwangaza wa milele umwangazie. Sauti yangu si nzuri, na ya mama yako imekauka kwa kulia. Wenye mashine wasizirekebishe. Umwombe Kavuo anyamaze mahali pale, muda wa pumzi moja, mpaka tumalize kujibu. Kisha apige kama anavyopiga siku zote.

Papa yako,
Benoît