Aliyelala Kaburini mwa Mama

Kalemie (Shaba), tarehe 14 Februari 1988

Mpendwa yaya Pontien, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu zote. Nguvu iko? Shemeji Virginie na watoto wanaendeleaje huko Kigoma? Na kile kifua chako, kimekuacha? Sisi tunapumua tu. Malaria ilinilaza juma zima, sasa nimeinuka. Ndagala za ziwani ni haba, na hata tukizipata, mvua haituachi tuanike.

Habari ya furaha sina. Nakuambia mapema ili usiitafute.

Uliuliza kwa nini matanga ya Mama hayajamalizwa mpaka leo. Ni sababu ya siasa, yaya. Ndiyo, siasa iliingia mpaka kaburini.

Unamujua Papa wetu. Wakati wa kampeni ya makomiseri wa watu, wale wa bungeni, mgombea wa kwanza alikuja na wacheza ngoma, Papa akafunga dirisha. Wa pili alileta bia. Papa akainywa yote, akafuta midomo, akasema: “Bia ni nzuri. Muntu njo amechacha.” Mtaa ulicheka siku mbili, na wazee wote wakamwacha yule bwana. Kila muntu hapa alikuwa anangoja kinywa cha Papa.

Katikati ya kampeni hiyo Mama akafa. Siku ya kuzika, Papa Kalenga, mutani wetu tangu mababu, alikuwa amekwisha kushika jembe. Mara akafika mgombea wa tatu, sitwayeni Ngoy, muntu mukubwa, na gari. Akasema muke wake ni wa ukoo wa Kalenga, basi yeye pia ni mutani, na anayo haki. Kwa kilio nani atamfukuza muntu? Akavua abakosi yake, lile koti la wakubwa, akachukua jembe mikononi mwa muzee, akachimba. Kaburi lilipokwisha akajilaza ndani, akapiga kelele: “Hii nyumba ni yangu! Huyu mama akatafute yake!”

Kisha akajifunga kitenge cha Mama. Akatembea kama Mama, na ule mguu wake mubaya, akimgombeza Papa kwa sauti yake: “Weye muzee, viatu tena mlangoni?” Aka! Watu walicheka na machozi yanatiririka. Papa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, yaya. Ilikuwa kama Mama amerudi kidogo kutuaga.

Papa Kalenga peke yake hakucheka. Alijipangusa mikono, akaenda nyumbani.

Juma lililofuata Papa alisimama mbele ya mtaa mzima na ndevu zake za kilio, akasema: “Aliyelala kaburini mwa muke wangu hawezi kunidanganya.” Basi. Wote wakampa Ngoy kura. Baadaye sana njo jirani yetu Mama Clémentine alituambia kwamba usiku wa kuamkia maziko, muntu wa Ngoy alikuja kwake kuuliza marehemu Mama alikuwa anatembea namna gani, na alipenda kusema nini. Yeye alifikiri ni huruma.

Ngoy alipita, akaenda Kinshasa. Na wewe unajua desturi: mutani aliyelala kaburini njo anarudi kutunyoa nywele na kufagia majivu ya kilio. Mwingine hawezi. Miezi yote hii Papa analala kwa mkeka, hanyoi, hapokei muntu mkono. Tulimwendea Papa Kalenga, tukapiga magoti. Alijibu kwa upole: “Watoto wangu, mimi sikuzika. Aliyezika aje.” Nilikasirika.

Mwanzo wa mwaka tulisikia Ngoy yuko hapa. Papa alikwenda kwake, mimi nikamshika mkono. Tulisimama kwa jua mbele ya lango mpaka gari likatoka. Alishusha kioo, akacheka vizuri sana, akamwangalia Papa na zile nywele zote. “Muzee wangu! Unaitwa nani vile?” Akatupa fulana ya chama, wakaondoka. Ee Mungu, ile fulana Papa aliibeba mpaka nyumbani.

Sasa mtaa unamukwepa. Wanasema aliwauza. Hakuna anayeuliza tena atasema nini.

Wasalimu shemeji Virginie, watoto, na shangazi Philomène. Lucie wetu anakusalimu, na dada Denise, ambaye mimba yake inamsumbua. Mungu akulinde kwa maji na kwa nchi kavu.

Njoo, yaya. Labda wewe, kifungua mimba, Papa Kalenga atakusikia. Nilitaka kuomba hivyo tangu mwanzo wa barua, lakini naona ninachelewa. Jana asubuhi nilimkuta Papa nyuma ya jikoni, na wembe, kichwa kinatoka damu. Amejinyoa mwenyewe, yaya, kama muntu asiye na watu. Nilichukua maji nimwoshe. Akasema, “Acha, mama. Imekwisha.”

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Pétronille