Keremkerem Wamerudi Shimoni, Mwanetu

Mwaka umetimia, mwanetu, tangu asubuhi ile ulipoacha chai mezani ukasema unarudi kuimalizia.

Jokofu la jirani ulilokuwa umelifungua bado liko barazani. Amekataa kulipeleka kwa fundi mwingine. Anasema atalichukua akipata moyo.

Mikono yako ilikuwa ya kazi, ila masikio yalikuwa nje. Bisibisi mkononi, kichwa dirishani. "Mama, nyamaza kidogo, kuna mtu anaimba huku nyuma." Nami najua huyo mtu ana mabawa. Dada yako akakuita Shingo, maana shingo yako ilikuwa juu muda wote. Kuku wa mtaani akipotea, watu walikuja kukuuliza wewe kwa utani, nawe hukukasirika. Ulitoka kumtafuta.

Hukuwa mchoyo. Ukiona ndege mgeni ulituma picha kwenye kundi lenu la simu, ukaeleza yuko mti gani, upande gani. Muuza dawa alifunga duka, mwalimu mstaafu akaja na darubini, wakajipanga uani kwetu kama wamekuja kuposa. Aliyechelewa akakuta ndege amesharuka mlimwambia, "Karibu manyoya," mkacheka.

Siku ile ujumbe ulitoka kwa rafiki yako dereva wa teksi. Keremkerem, wale ndege wala nyuki, wenye kifua chekundu, ambao hamkuwahi kuwaona huku, wametoboa viota kwenye ukuta wa lile shimo la kokoto lililoachwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikakwambia, "Baba, chini napo kuna vitu." Ukajibu huku unavaa viatu, "Chini nimeshapazoea, mama. Nikichelewa watanipa manyoya."

Ulisimama juu ya ukingo, darubini machoni, ukasogea kidogo upate kuwaona vizuri. Udongo ukaondoka na wewe. Dereva alikuwa nyuma yako. Anasema hukupiga hata kelele.

Hatumlaumu. Huwa anakuja kumsaidia baba yako kuchota maji.

Sasa nakwambia jambo, na wenzako wasikie. Keremkerem wamerudi. Juzi dereva alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama, wako palepale. Nimewaona peke yangu, sijamwambia mtu."

"Unangoja nini?"

"Nakungoja wewe."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Lakini wewe hukuweza kuficha ndege hata siku moja. Na akinyamaza huyu, atawaona mwingine, atawatangaza, na watoto wa watu watakimbia kama ulivyokimbia. Nikamwambia, "Tangaza. Ila andika habari za chini kwanza, ndipo uandike za juu."

Akakaa kwenye kiti chako, akaandika, akanisomea: "Ukingo umeliwa kwa ndani, msiukanyage. Simameni ng'ambo, penye mwamba. Msikimbie. Wana makinda, hawaondoki leo wala kesho. Hakuna manyoya."

Nyinyi wenye darubini, nawaomba muandike hivyo siku zote. Huyo ndege mnayemwitia mwenzenu aje kumwona, anaweza kuruka. Mwenzenu hana mabawa. Mwambieni kwanza atakapoweka miguu.

Jana walikwenda. Nilikaa barazani karibu na lile jokofu, macho njiani. Walipita hapa wakirudi, mmoja mmoja, viatu vina tope, na kila mmoja aliingia kunisalimu. Muuza dawa. Mwalimu mstaafu akijikokota. Dereva akiwa wa mwisho. Nikaingia ndani kuchemsha chai.

Unakumbukwa na baba yako, mimi mama yako, dada yako aliyekupa jina, shangazi zako, wajomba zako, jirani mwenye jokofu, na kundi lako lote la watazama ndege.

Hatutaacha kukukumbuka, Shingo wetu.