Kompyuta Imepona, Mimi Nimeumbuka

Tiriririi! Nimeusikia mlio huo nikiwa bado nje ya duka la shangazi, nikavimba kichwa: kompyuta imewaka papo hapo!

Ndugu yangu, nimeumbuka. Kaa kwanza.

Si unajua ilivyokuwa ikichelewa kuwaka mpaka mtu anasinzia? Jana nilizima programu zote zinazojiwasha zenyewe. Sasa ukibonyeza tu, iko tayari.

Basi akaingia yule fundi cherehani wa jirani, shati jipya, manukato hadi mlangoni. Amekuja kuchapisha tangazo la kibanda chake, kama kila asubuhi. Shangazi akamvutia kiti, akijifanya hajausikia mlio: "Karibu, subiri mashine iamke."

Mimi nikarukia: "Hakuna kusubiri tena!" Nikachapa. Tangazo hilo mkononi.



Fundi akalitazama kama barua ya kufukuzwa kazi. "Haya... basi niende." Akaenda! Kiti hakijapata hata joto!

Shangazi akanigeukia: "Mwaka mzima anachapisha tangazo lilelile. Ulidhani ana kuta ngapi?"

LILELILE, bwana! Na mimi ndiye bingwa wa mashairi ya mapenzi!

"Unapanga vina vya mahaba, mahaba yenyewe yako puani huyaoni. Na leo alikuwa na neno la kuniambia, nimemwona usoni."

Nikatoka mbio. Nimemkuta kibandani kainamia cherehani, nikapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Fundi, kesho njoo na tangazo lako! Naapa, mashine itachelewa mpaka umalize kusema!"