Supu ya Nyanya Iliyomwinua Mama

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, mtu ambaye, nasema bila kujisifu, madaktari wa hospitali nzima walipaswa kupanga foleni kumwuliza maswali. Natumaini u mzima, na shemeji na watoto hawajambo. Huku tunapumua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika patamu.

Unakumbuka daktari alisema mama asipokula na kuinuka kitandani mpaka Ijumaa, anarudishwa wodini. Mama naye akaapa kwamba harudi, bora afie chumbani kwake. Basi Ijumaa ikaingia, na yeye vilevile, kaugeukia ukuta. Uji aliukataa. Chai aliinusa tu, akasema nimechemsha soksi. Daktari anakuja jioni.

Nikamwambia nampikia supu ya nyanya ya chapuchapu, ile niliyompikia waziri mmoja akalamba hadi kijiko. Akauliza, kwa sauti ya chini, ni waziri gani huyo asiye na mpishi. Nikafurahi kidogo. Mtu anayenisuta bado yupo.

Jikoni nikakata kitunguu, nikaponda kitunguu saumu, nikakatakata nyanya zilizoiva mpaka zinalia maji. Nikafungua gesi. Ndipo nikaanza kutafuta kiberiti! Nikapekua kabatini, chini ya sinia, mifukoni. Jiko linafoka, harufu imejaa mpaka macho yananiwasha. Nilipokipata, nikakifungua kichwachini, njiti zote chini. Mama akapiga kelele kutoka kitandani, akaniita jina la utotoni, akanikataza kuwasha chochote.

Kilichofuata nimewaeleza majirani na daktari pia: kwamba ilikuwa mbinu yangu ya kumwinua mgonjwa. Na kweli aliinuka, dada! Alishika ukuta, akajikongoja hadi jikoni, akafunga gesi, akafungua mlango na madirisha. Harufu ilipoisha kabisa akawasha jiko mwenyewe, akavuta kigoda, akaanza kuniamuru. Kitunguu na saumu kwenye mafuta mpaka vilainike. Nyanya na chumvi, nifunike. Zikishalegea nizisage kwa mwiko, niongeze maji kidogo, ichemke, nichuje. Akaonja, akasema hii ni maji ya kuoshea nyanya, akaongeza chumvi. Akaonja tena. Halafu akachukua bakuli, akanywa yote, akaomba nyingine. Daktari alimkuta hapohapo kwenye kigoda, ananigombeza jinsi ninavyoshika kisu. Kasema habari ya wodi iishe.

Sasa, dada, mama atakusimulia, na afadhali uanze kuisikia kwangu. Mbinu haikuwepo. Alipopiga kelele mimi nilishatoka mlango wa nyuma. Nilimwacha ndani na ile gesi, mama yetu asiyeweza hata kukaa. Alipomaliza kufungua madirisha alinikuta nyuma ya tangi la maji, mwiko mkononi, nimefumba macho. Hakunitukana. Alisema tu niingie, supu haijipiki yenyewe.

Usinicheke sana mbele ya shemeji. Wabusu watoto, na mama anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Ni mimi mdogo wako, mwanamume mwenye mvi, ambaye mpaka leo jiko anawashiwa na mama yake.