Kisima cha Pili Kutoka Kapedo

Baba,

Tangu tukuzike ni miezi saba, na Jumapili bado sijui nizifanyie nini. Ulikuwa ukipiga simu asubuhi kutoka Kapedo, ukiuliza kama huku Midrand, Afrika Kusini, mvua imenyesha, kisha bila kungoja jibu unaanza kushuka bondeni kwa maneno: maji ya moto yanayoporomoka mwambani, mto Suguta, visima vya mchangani, mpaka ziwa Logipi lenye chumvi na ndege wale, heroe. Kila kisima ulikitaja na ukoo uliokichimba, kwa sauti yako ya ualimu. Mimi nakuweka spika, naosha vyombo. "Ndiyo, Baba." Sikuwa nasikiliza. Nisamehe.

Juzi Akiru amerudi na kazi ya shule, achore ramani ya alikotoka babu yake. Kiswahili anaelewa ila anajibu kwa Kizulu, unamjua. Nikaanza kwa mbwembwe, nikapita kisima cha kwanza, cha kina shangazi. Cha pili, jina likagoma kuja. Maji yake nimeyanywa utoto wangu wote, na miiba ya kuzuia mbuzi nimeizungusha kwa mikono hii. Ndugu waliobaki wako huko chini ambako simu haishiki. Wa kumuuliza ulikuwa wewe.

"Eish, Mama, weka jina lolote," akasema. "Titsha hatajua."

Nililia mbele ya mtoto.

Kesho yake nikamuuliza Lemayan, mlinzi wa geti la kazini kwetu. Ni Msamburu wa kule juu ukingoni mwa bonde, wale ambao sisi Waturkana, kwa ugomvi wa mifugo, tulikatazwa hata kuwasogelea. Kumbe kisima anakijua. Mwaka mmoja wa ukame walishuka na ng'ombe wao wakiwa na hofu, na mwalimu mmoja mwenye filimbi shingoni akawaondolea miiba wanyweshe. Filimbi shingoni, Baba. Nani mwingine? Labda ulinisimulia Jumapili fulani, nami niko na masufuria yangu.

Akanipa jina wanalokiita wao. La kwetu halijui.

Nimeliandika hilo la Kisamburu, na kando yake nimeacha nafasi. Sitabuni. Desemba nakuja na Akiru. Tutaanzia kwenye maji ya moto tushuke kwa miguu, tukimuuliza kila tutakayemkuta, Mturkana au Mpokoti, mpaka mmoja alitaje jina la kwetu. Nitamwomba alirudie, na alirudie tena, hadi mwanangu aweze kulitamka siku ambayo mimi sipo.

Pumzika, Baba yangu.