Bunduki ya Kwenye Maegesho

Marlys, shoga yangu, Wade wangu kajipiga risasi. Kajipiga risasi mwenyewe!

Tulikuwa Wyoming, mlangoni kabisa pa duka la bunduki. Wade eti, "Sisi wa Ohio, humo hawatuuzii." Akamfuata mzee anayeuza bunduki yake ndefu nje, kwenye gari.

Wade akaivuta garini kwa kushika mdomo wa mtutu. Ikalia. Vidole vyake viwili vikaruka, damu mpaka nyweleni kwangu.

Mwenye duka katoka mbio, anamfunga mkono kwa mkanda huku anafoka: "Ni bastola tu siwauzii watu wa majimbo mengine, mjinga wewe! Bunduki ndefu ningekuuzia, tena ningeifungua kwanza uone haina risasi!"

Nimepakata boksi la barafu, Marlys. Vidole vimo humo, katikati ya bia zake. Na njia nzima kuja hospitali, Wade ananiuliza kama yule mzee bado anauza.